Siku Sita Tingi

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kwa basi kutoka Mbagala kwenda Lindi, basi Tingi umekwisha kupita. Huenda hukupaona. Wakati huo basi linakuwa limevuka Daraja la Mkapa, limeziacha nyuma Nyamwage na Somanga, abiria wengi wamelala vinywa wazi, na dereva ana haraka ya kufika Nangurukuru. Dirishani hupita maduka machache, miembe na mikorosho, vijana wa bodaboda walioketi juu ya pikipiki zao kivulini, na mafungu ya machungwa yaliyoteremshwa kutoka milima ya Umatumbi. Hapo ndipo Njia Nne, katika kata ya Tingi, wilaya ya Kilwa. Ukianza kuhesabu moja, mbili, tatu, hufiki mia kabla pahala penyewe hapajawa nyuma yako.

Mimi nami nilipapita hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, tena uso wangu nikiugeuzia dirisha la upande wa pili. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi nina deni pale. Deni hilo nimelinyamazia mno, na leo nataka nikusimulie, maana ndani yake imo habari ya watu niliowaona wakitulia na kuhurumiana katika siku ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutulia.

Sina budi kwanza kukueleza barabara ilivyokuwa. Vijana wa leo huondoka Dar es Salaam alfajiri na jua likawachwea wakiwa kwao kusini. Zamani haikuwa hivyo. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Daraja, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kutoka Ndundu hadi Somanga, kipande cha kilomita 60 hivi, kilikuwa miongoni mwa vipande vya mwisho kuwekwa lami katika barabara yote ile, na wakati wa masika udongo wake ulishika magurudumu kama gundi. Msafiri wa kusini alibeba sufuria, unga, ndoo na subira. Hicho cha mwisho ndicho wengi wetu tulichokuwa tukikisahau nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, zile mvua zilizoitwa za El Niño, ambazo zilikuwa zimeanza mwaka uliotangulia, zilikuwa bado zinanyesha. Simu ilipigwa kazini kwetu kutoka Lindi: baba yangu alikuwa mgonjwa, nami nilitakiwa niende upesi. Nilipanda basi kesho yake. Tuliuvuka Rufiji kwa shida, tukasukuma basi mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na tulipofika Tingi tukaambiwa kuwa mto Matandu, ulioko mbele, umefurika na njia imekatika. Jioni ile ile ikaja habari kwamba nyuma yetu nako kumekatika. Tukawa kama watu wa kisiwani: mabasi mawili, malori matano, na watu wapatao mia moja.

Naona haya kukueleza nilivyofanya, lakini nisipokueleza hutayaelewa yaliyofuata. Nilimkamata dereva ukosi wa shati mbele ya watu. Nilimwita mwoga na mzembe. Nikamwamuru aendelee na safari, kana kwamba mto ulikuwa chini ya mamlaka yake. Dereva yule, mtu mzima wa rika la kaka yangu mkubwa, hakuuondoa mkono wangu. Alingoja mpaka nilipouondoa mwenyewe. Kisha akasema, "Ndugu yangu, nami nina mama Lindi." Akaenda zake kutazama magurudumu.

Mwenyekiti wa kijiji alifika na daftari la shule. Hakutoa hotuba, jambo ambalo, nakiri, lilinishangaza. Aliuliza nani ana mtoto mchanga, nani mjamzito, nani mgonjwa, nani mzee. Hao akawapangia nyumba kwanza. Sisi wanaume wenye nguvu tulipewa baraza ya msikiti na darasa moja la shule. Kabla ya saa mbili usiku hapakuwa na mtoto aliyelala ndani ya basi.

Usidhani kwamba watu wa Tingi ni malaika. Kijana mmoja mwenye genge alipandisha bei ya chumvi na viberiti siku ya pili tu. Hakuna aliyemgombeza. Mzee mmoja wa kijiji alikwenda akaketi kwenye benchi la genge lile, akakaa bila kununua kitu, akimsalimu kila mteja aliyekuja na kumtajia bei ya juzi. "Karibu, mwanangu. Kiberiti hapa ni bei fulani." Alasiri ilipofika bei ilikuwa imerudi yenyewe, na kijana akamletea mzee chai. Na katika wasafiri alikuwapo tajiri wa nazi aliyekuwa akizipeleka Dar es Salaam, ambaye kila asubuhi alipanda juu ya lori lake kuzihesabu. Siku ya kwanza alizihesabu mara mbili. Nitarudi kwa mtu huyu.

Mimi nilipelekwa nikale kwa bibi mmoja aliyekaa karibu na njia ya kwendea Kipatimu. Nilimkuta barazani akisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Nishikie hapa."

Akanipa ncha ya ukili niikunje kadiri alivyokuwa akisuka. Nikamweleza kwamba baba yangu ni mgonjwa, kwamba lazima nifike Lindi, na kwamba sina muda wa kukunja ukili. Hakuinua macho.

"Muda unao, mjukuu wangu," alisema. "Leo huna kingine."

Nilikaa. Mpaka leo siwezi kukueleza vizuri mikono yangu ilipata nini katika kazi ile. Najua tu kwamba ukili hausukwi kwa hasira. Ukiuvuta sana hupinda, ukiulegeza hufumuka, na bibi alipoona umepinda aliufumua bila maneno na kuanza tena pale ulipoharibika. Siku ya pili nilikwenda barazani pasipo kuitwa.

Ilinichukua siku tatu kutambua tulichokuwa tukila. Mihogo ikituamiwa na maji huoza ardhini, na mashamba ya Tingi mwaka ule yalikuwa yamesimama maji. Kila asubuhi bibi na binti yake walikwenda kung'oa mashina, wakachagua mizizi iliyo mizima. Hiyo ndiyo iliyochemshwa ikaletwa mbele yetu wageni wanne. Ile iliyokuwa imeanza kuharibika waliikatakata, wakatupa sehemu mbovu, na iliyobaki wakaila wenyewe nyuma ya nyumba baada ya sisi kushiba. Nililiona jambo hili kwa bahati tu, nilipokwenda kuomba maji. Nilimwambia bibi kwamba tubadilishane. Akaniuliza kama huko kwetu mgeni ndiye huwa anagawa chakula.

Siku ya nne jioni tulikuwa wengi mbele ya duka lililokuwa na redio ya betri. Wewe uliyekuwa mtu mzima miaka ile unakumbuka wakati wa matangazo ya vifo katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Watoto walinyamazishwa, vijiko vikawekwa chini, maana kila mtu alikuwa na mtu mahali fulani. Ukatajwa msiba wa Tanga. Ukatajwa msiba wa Mahenge. Kisha Lindi. Nikasikia jina la baba yangu likisomwa na mtu ambaye hakumjua, kwa sauti njema iliyotulia. Ikatajwa saa ya mazishi, nayo ilikuwa imekwisha kupita. Halafu: habari ziwafikie watoto wake walioko Dar es Salaam, Mtwara na Nachingwea, na jina langu likawa la kwanza.

Sikulia. Nilisema tu, "Huyo ni baba yangu," kama mtu anayejibu anapoitwa jina darasani.

Mtu wa kwanza kunijia alikuwa dereva. Aliketi kando yangu juu ya gogo, akauweka mkono wake begani pangu, karibu sana na pale nilipomkamata mimi siku ya kwanza, naye hakusema neno. Bibi alipoletewa habari aliweka ukili wake chini. Katika siku zote zile ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono yake mitupu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Watu wale hawakumjua baba yangu. Hawakulijua kabila lake, wala kazi yake, wala kama alikuwa mtu mwema. Lakini usiku ule Tingi iliweka matanga. Mikeka ilitandikwa uani kwa bibi, chini ya turubai lililovuliwa kwenye lori. Mwalimu wa madrasa alisoma dua na jina la baba likatajwa ndani yake. Taniboi mmoja kutoka Songea, Mkristo, aliuliza kama anaruhusiwa kukaa, akakaa mpaka alfajiri. Kuni zote zilikuwa mbichi kwa mvua, moto ukakataa kuwaka, na hapo ndipo yule tajiri wa nazi alipopanda juu ya lori lake gizani. Alishusha nazi magunia mawili. Wanawake wakazikuna kwa ajili ya chakula cha matanga, na vifuu vyake vikawaka mpaka asubuhi. Kesho yake hakupanda kuhesabu.

Sahani ya ubani ikapitishwa. Ziliwekwa noti na sarafu, na mtu mmoja aliweka mayai mawili. Kwa kuwa nilikwisha kuyaona mashamba yao, nilitaka kuirudisha. Mzee yule wa benchi akanizuia. "Ubani haurudishwi," alisema. "Ukiurudisha unatuambia kwamba msiba ni wako peke yako."

Usiku wa pili wa matanga mazungumzo yalirefuka, kama yanavyorefuka matanga yote. Bibi alitusimulia habari za mama yake, ambaye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza kule juu, Nandete, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Na majeshi ya Wadachi yalipokuja, wengi walijificha katika mapango ya Umatumbi. Mama yake alikuwa akiambiwa kwamba mle pangoni mtoto akilia hakupigwa wala hakuzibwa mdomo. Alipitishwa kutoka mgongo hadi mgongo, kila mwanamke akimbembeleza kidogo, mpaka apate mgongo utakaomnyamazisha. Bibi aliyasema hayo kwa kifupi tu, akaomba tumbaku.

Baada yake mwalimu mmoja wa shule, msafiri mwenzetu, akaona afadhali nasi tusikie mambo ya fahari. Akatukumbusha kwamba hatukuwa mbali na Kilwa Kisiwani, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kumkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fukara kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili mavazi, akampa. Watu wakamsifu mno. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fukara kwa watumwa 10. Na sultani alipozisikia sifa za watu, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tukasema, kumbe, huyo alikuwa mkarimu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Bibi akafikiri kidogo.

"Nguo alitoa zake," alisema. "Na hao watu ishirini, walikuwa wa nani?"

Mwalimu akajibu kuwa zama hizo ndivyo dunia ilivyokuwa, na hakukosea. Lakini baraza yote ilinyamaza, kwa sababu kila mtu wa Tingi anajua kwamba karne nyingi baada ya sultani yule, misafara ya watumwa kutoka bara iliendelea kuteremka pwani hii mpaka Kilwa Kivinje, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba wazee wake hawakuwamo. Miaka ya baadaye niliisoma habari ile kitabuni nikaona kwamba mwalimu aliisimulia vizuri. Alichoacha ni kwamba aliyemfuata sultani, ndugu yake Daud, alikuwa akiwaambia waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Kila nikiwafikiria ndugu wale wawili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kunyima, nauona muhogo wa bibi ukiwa katikati yao, nao ulitolewa na mtu aliyekula ile mibovu.

Siku ya sita mvua ilipumzika. Maji ya Matandu yalipungua kiasi cha mitumbwi kuvuka, na tukaambiwa kwamba ng'ambo lipo lori linalokwenda Lindi. Bibi alinisindikiza mpaka barabarani. Alinipa mihogo iliyochemshwa ndani ya kitambaa, na yale mayai mawili ya ubani, yakiwa nayo yamechemshwa.

"Ukifika, utuletee habari kwamba umefika," alisema.

"Nitaleta, bibi."

Sikuleta. Hilo ndilo deni langu, ndugu msomaji. Halikuwa la fedha wala la chakula. Mabasi yalipita Njia Nne kila siku ambayo barabara ilipitika. Ningemwambia utingo yeyote, "Pale Tingi, mwambie bibi fulani kwamba yule mfiwa alifika," ingetosha. Mwaka wa kwanza nilikuwa na shughuli za mirathi. Mwaka wa pili niliona kwamba salamu tupu hazifai, nitakwenda mwenyewe na zawadi. Baadaye niliona haya kwa kuchelewa, na kila mwaka uliopita uliiongeza ile haya. Daraja likafunguliwa, lami ikafika, mabasi yakaongeza mwendo, nami nikajifunza kutazama upande wa pili. Niliwasimulia wanangu mara nyingi habari za ukarimu wa Tingi. Sikuwaambia kwamba sijarudi.

Mapema mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, barabara hii ilikatika tena Somanga na sehemu nyingine za Kilwa. Nilikuwa nimestaafu, nimekaa sebuleni na wajukuu, nilipoziona picha za magari yaliyopanga mstari na abiria waliokaa kando ya njia. Mjukuu mmoja akaniuliza, "Babu, hao watalala wapi?" Nikamjibu kwamba wenyeji watawapa pa kulala. Akaniuliza nimejuaje. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwezi Julai, njia ilipokwisha kutengenezwa, nilimwambia utingo anishushe Njia Nne. Alinitazama mara mbili, maana tiketi yangu ilikuwa ya Lindi. Nyumba niliipata kwa kuulizauliza. Sasa imeezekwa bati. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, miaka mingi nyuma. Nilimkuta binti yake, aliye makamo yangu sasa, akipepeta ufuta uani na mabinti wawili, vumbi jepesi likiwa limewajaa nyusi.

Tuliamkiana. Hakunitambua, wala sikutegemea anitambue. Nikamwambia, "Dada, mimi ni abiria mmoja wa mwaka ule wa mvua nyingi. Nilifiwa na baba nikiwa hapa kwenu."

Ungo ukasimama.

"Yule wa redio?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mfukoni nilikuwa na bahasha niliyoitayarisha Dar es Salaam, na wakati huo niliisikia uzito wake, nikatamani ningeiacha nyumbani.

"Mama alikuuliza sana," alisema. "Basi likisimama hapo barabarani, huenda akamwuliza utingo: yule mfiwa wetu wa Lindi, alifika kwao? Hawakujua. Hata mwisho wake alipokuwa halali usiku, alikutaja. Akisema, pengine mto ulimchukua."

Sikuwa na neno. Akawatuma mabinti wake wawaite majirani, akataja majina ambayo sikuyajua na moja nililolijua. Mkeka ukatandikwa barazani, pale pale. Walikuja mmoja mmoja, wengine na fimbo, wengine na watoto wasiokuwa wamezaliwa wakati ule, wakaketi.

"Haya, kaka," alisema yule dada. "Tueleze. Ulifikaje?"

Nikavua viatu, nikaketi, nikaanza kuwaeleza, nikianzia pale tulipouvuka Matandu.